Koo la Mashua

Aliyetoboa ndiye azibaye, na aliyeziba ndiye wa kwanza kupanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana ile ya mashua, wala haikuandikwa ukutani, kwa kuwa chini ya paa lile hapakuwa na mtu aliyehitaji kuisoma. Fundi akitoboa tundu katika ubao wa chombo, mkono mwingine hauruhusiwi kuliziba. Akisha kuliziba, yeye mwenyewe hukipanda chombo hicho hadi kwenye boya na kurudi, kabla mwenye mali hajatia mguu. Na ikitokea kwamba kazi ya fundi imeua mtu, zana zake hutoswa majini mbele ya mafundi wote. Naye akiwa hai hashiki tena kazi, na akiwa amekufa, mwanawe hapokewi katika kazi hiyo.

Kwa sheria hiyo, asubuhi ambayo mashua ndogo ya mchuuzi wa mboga iliopolewa kutoka chini ya maji, zana zilizokuwa zikingojea kutoswa zilikuwa za marehemu Kalafati.

Huyo Kalafati alikuwa mkwe wa nyumba ile. Kazi yake ndiyo iliyompa jina: kushindilia pamba na lami katika mishono ya mbao ili maji yasipenye, kisha kupaka rangi. Alizama na mashua hiyo siku ile ile ilipotoka kutengenezwa. Maji yakamrudisha ufukoni, mashua ikabaki chini. Na kwa kuwa hakuna aliyeona, watu walichukua jibu lililokuwa karibu na mkono, kwamba mishono ilifumuka, na kalafati ameuawa na pamba yake mwenyewe.

Mjane wake, binti wa mwenye karakana, hakulikubali jibu hilo. Mafundi walimwita Dada Shaba, kwa sababu ndiye aliyeyeyusha na kusubu shaba yote iliyotumika pale. Asubuhi ile alikuja amembeba mumewe, kwa maana ya kwamba alibeba sanduku lake la zana, na hakulitua hata alipoambiwa alitue.

Mashua ilipandishwa kwa winchi juu ya kitanda cha chuma chenye magurudumu, kilichotambaa juu ya reli kutoka majini mpaka mlangoni mwa karakana. Maji machafu yakaitoka pande zote. Baba mtu, Fundi Mzee, alisimama kando, mikono nyuma. Mpasua mbao, pande la mtu waliyemwita Tembo, alikaa kwenye mpini wa winchi akihema. Naye mwana wa kiume wa nyumba, kaka yake Dada Shaba, aliizunguka mashua kama kuku anayetafuta pa kutaga. Jina lake la kazini lilikuwa Mbio. Alilipata kwa haraka yake, naye alilipenda.

"Haya, mbona mmesimama kama nguzo za umeme?" alisema Mbio. "Zana zitoswe, tumalize. Kazi zinatungoja."

"Hazitoswi kabla chombo hakijakaguliwa," alijibu dada yake.

"Kikaguliwe nini, dada? Konokono wamehamia humo na wakwe zao. Utaona nini?"

Tembo alicheka, akakohoa ili kukificha kicheko. Dada Shaba hakucheka. Aliinama chini ya mashua, akasogea upande wa nyuma, mahali lilipokuwa koo.

Koo waliliita bomba fupi la shaba linalopenya sakafu ya mashua, ambalo kwalo injini hunywa maji ya kujipoza. Kwa nje lina mdomo mpana ulioshikana na ubao. Kwa ndani hukazwa kwa nati. Mchuuzi alikuwa ameigonga mashua yake kwenye mwamba, mdomo ukapasuka. Fundi Mzee aliagiza koo lote ling'olewe, ubao uliolainika ukatwe, litiwe koo jipya. Dada Shaba alilisubu koo hilo jipya kwa mikono yake. Mbio alipewa kazi ya kulitia, kwa kuwa tundu lile alilitoboa yeye zamani, mashua ilipokuwa ikiundwa. Alirudi siku ile ile akasema, "Tayari," na kila mtu akamsifu.

Sasa Mbio aliruka akasimama kati ya dada yake na koo.

"Hapo usiguse! Tundu nililitoboa mimi, nikaliziba mimi. Sheria unaijua."

"Nataka kuliona tu."

"Macho yako yana vidole. Ondoka."

Dada Shaba akamgeukia baba yake. Mzee akasema, "Ndugu yako anasema kweli. Sheria haina shangazi wala mjomba, binti yangu. Tundu ni lake."

Mbio akatabasamu. Lakini mtu aliyemtazama vizuri angeona kwamba jasho lilikuwa likimtiririka, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Dada Shaba alilitua sanduku. Akalifungua taratibu, akatoa chuma cha kukwangulia na nyundo ya mti ya mumewe, ambayo mpini wake ulikuwa umeingia bonde kwa vidole vyake.

"Baba," alisema, "tundu sitaligusa. Koo sitaligusa. Lakini rangi ni kazi ya kalafati, na maadamu zana hizi bado hazijatoswa, ni zangu na za mwanangu. Nikwangue rangi?"

Mbio akafungua kinywa. Baba yake akakifunga kwa kuinua kidole.

"Kwangua. Rangi tu."

Akakwangua. Ngozi nyeupe ya juu ilitoka kama ganda la yai. Chini yake ikatokea rangi nyekundu. Dada Shaba akasimamisha mkono.

"Tembo, njoo utazame. Mume wangu alipaka rangi gani ya chini?"

"Kijivu," alisema Tembo. "Miaka yote kijivu. Tulimtania kwamba anavalisha mashua sanda."

"Hii nyekundu kaipaka nani?"

Akakwangua tena, na chini ya nyekundu ikatokea risasi, yale madini laini ya kuungia mabati, imemiminwa ndani ya ufa kama uji ndani ya jino bovu. Nusu yake ilikuwa imekwisha kumeguka. Mahali ilipomeguka ufa ulikuwa wazi, na maji ya ndani ya mashua yalikuwa yakitoka hapo kwa uzi mwembamba usiokatika.

"Kila koo ninalosubu nalitia alama ya tupa mdomoni," alisema Dada Shaba, na sauti yake haikupanda. "Hili halina alama. Hili ni lile lile la zamani. Kaka, lile langu liko wa—"

Hakumaliza. Mbio alikuwa na spana ndefu mkononi, naye alimpiga nayo shavuni. Mfupa ulilia. Dada Shaba akaanguka ubavu juu ya reli, mate na damu vikamtoka pamoja na jino, na Mbio akainua spana mara ya pili, akipiga kelele, "Nilikwambia usiguse! Nilikwambia!"

Pigo la pili liliipata reli, cheche zikaruka. La tatu halikupigwa. Yule mwanamke, akiwa bado chini, aliizungusha nyundo ya mti kwa mikono miwili, ikamkuta nduguye gotini. Mbio alijikunja kama kiti cha kukunja. Dada Shaba akampanda kifuani, akampiga begani, akampiga tena pale pale, na kwa kila pigo alitema damu usoni pake.

"Watu wanamsema! Mpaka makaburini wanamsema! Mwanangu aitwe mtoto wa mzembe, na wewe unakula mezani kwangu!"

Tembo aliingia katikati kuwaamua, akapata ya mwamuzi: Mbio alimuuma mkono mpaka meno yakakutana na nyama. Tembo akapiga ukelele, akamtandika kofi lililomgeuza uso nyuma. Mbio akaipapasa spana. Hapo ndipo Fundi Mzee, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuna aliyemwona akimpiga mtu, alipochukua kasia lililoegemea ukuta, akaushusha mpini wake juu ya kifundo cha mkono wa mwanawe. Spana ikaanguka. Kila mtu akasikia ilivyoanguka.

"Liko wapi koo jipya?" aliuliza mzee.

Mbio alilia kwa kwikwi. "Kwenye pipa la vyuma chakavu. Chini kabisa."

"Kwa nini?"

"Nyuzi zilikatika, baba, zile za kukazia nati. Nati iliingia upande, nikadhani ni ugumu tu, nikakaza kwa spana ndefu. Ulisema chombo kitoke siku ile. Watu walikuwa wananitazama. Ningesema nini? Mbio kaharibu?"

"Ungesema hivyo hivyo. Ni maneno mawili."

"Niliogopa."

"Na siku ya kupanda?" Dada Shaba aliuliza. Shavu lilikuwa limevimba, maneno yakitoka kama ya mlevi. "Siku ya kupanda ulisema tumbo linakuuma. Mume wangu akakushika bega. Mimi nilikuwepo. Akakwambia, 'Pumzika, shemeji, nitakupandia mimi.' Ukamwacha aende."

Mbio alifunika uso. Hakuna aliyesogea kumfariji.

Fundi Mzee alilitua kasia, akalitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutazama kasia. Kisha akasema, "Siku ile nilimwona mkwe wangu akipanda mahali pa mwanangu. Sheria naijua kuliko ninyi nyote. Nikanyamaza, maana mwanangu alikuwa mgonjwa, na mkwe ni mkwe. Basi deni hili lina wadaiwa wawili." Akainua macho. "Safari ya kwanza ya koo hili haijafanywa na aliyeliziba. Itafanywa sasa. Na mimi nitapiga makasia."

Mbio alipolisikia hilo aliinuka na goti lake bovu akakimbia. Jina halikumsaidia. Tembo alimfikia langoni, akamwangusha, akamkamata miguu yote miwili, akamburuta juu ya saruji huku kucha zake zikiacha mistari myeupe, kisha myekundu.

"Tembo, ndugu yangu! Tumekula pamoja!"

"Ndiyo," alisema Tembo, akihema. "Na marehemu pia alikuwepo mezani. Twende."

Akainuliwa kama gunia, akatupwa ndani ya mashua. Fundi Mzee akapanda baada yake, akakaa kwenye ubao wa kati. Akatoa mfukoni kizibo cha mti, kile kilichochongwa nyembamba upande mmoja ambacho kila mashua hubeba kwa siku ya hatari, akakitupa miguuni pa mwanawe pamoja na nyundo.

"Hiki hapa. Ziba."

"Baba," Dada Shaba aliita kutoka kwenye winchi, "wewe hujui kuogelea."

"Najua kwamba sijui," alisema mzee. "Ndiyo maana leo ataziba vizuri."

Winchi ikalegezwa. Kitanda cha chuma kikashuka juu ya reli, mashua ikaelea. Mzee akatia makasia.

Sasa Dada Shaba, aliyesimama ukingoni akiushika uso wake, aliona jambo ambalo alikuwa analingoja tangu siku ya msiba. Mashua ile ilikuwa imekaa chini ya maji majira mazima. Ilikuwa imepondwa na mawe, imekokotwa kwa minyororo. Na bado, kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, baba yake aliacha makasia kwanza, akawa akifuta kila mshono kwa leso kisha kupitisha kiganja juu yake, akikiinua kiganja hewani ili watu wa nchi kavu wakione. Kilikuwa kikavu. Aliinua tena. Kikavu. Hakuna mshono mmoja wa Kalafati uliotoa hata chozi. Maji yote yaliyoingia yaliingia kooni.

"Mnaona?" Dada Shaba alisema kwa Tembo, ingawa Tembo alikuwa mmoja tu. "Mnaona?"

"Tunaona, dada," alisema Tembo, akivua kofia.

Kule majini, Mbio alipiga magoti juu ya koo. Alikipachika kizibo, akakigonga. Maji yakapungua.

"Basi, imetosha," alisema baba yake. "Shaba imepasuka hiyo. Usiilazimishe. Shikilia tu kwa mkono."

Wakafika kwenye boya, mzee akaanza kugeuza. Wimbi dogo likaipiga mashua ubavuni, uzi wa maji ukachungulia pembeni ya kizibo, na Mbio, kwa hofu na kwa tabia, akashika nyundo akagonga kwa nguvu zake zote. Mara moja. Mara ya pili.

"Polepole, we mtoto!"

Mara ya tatu koo likapasuka vipande viwili. Kizibo, koo na nati vikapotea chini kwa pamoja kama vilivyomezwa, na mahali pake likabaki tundu la ukubwa wa ngumi, ubao wake uliolainika ukimeguka pembeni. Maji yakasimama ndani ya mashua kama nguzo.

Fundi Mzee hakuacha kupiga makasia. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu, kisha chini ya magoti. Hakuita msaada. Alimtazama mwanawe, akasema neno moja tu.

"Ziba."

Mbio alitazama ufuko, uliokuwa si mbali kwa mtu ajuaye kuogelea, naye alijua. Alimtazama mzee. Kisha akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaichomeka ndani ya tundu, akaisukuma mpaka kifundo, mpaka vidole vikatokea upande wa pili, nje, katika maji baridi. Mabaki ya shaba na misumari ya ubao yakamchana ngozi kama soksi inavyovuliwa. Akapiga yowe. Nguzo ya maji ikaanguka.

Wakarudi hivyo, mashua imelemaa, ukingo wake ukilamba maji. Mzee alipiga makasia akikoroma. Mwana alilala kifudifudi juu ya mkono wake mwenyewe, na maji yaliyomzunguka yakageuka rangi.

Walipofika juu ya kitanda cha chuma, kilichokuwa kikiwangoja chini ya maji, Tembo akaogelea akaifunga mashua hapo, akapiga kelele, "Vuta!" Dada Shaba akashika mpini wa winchi. Akauzungusha nusu, akasimama.

Alikuwa amekumbuka boriti. Kitanda kile kilikuwa na boriti ya chuma iliyokatiza upande wa nyuma, nayo ndiyo iliyobeba uzito wa mashua inapotoka majini. Koo lilikuwa juu yake hasa. Siku zote palikuwa na nafasi ndogo kati ya boriti na mdomo wa koo. Lakini leo penye koo palikuwa na vidole.

"Kaka!" aliita. "Toa mkono! Boriti!"

"Nikitoa tunazama!" Mbio alijibu. Hapo mwanzoni mwa reli kina kilikuwa kirefu kuliko mtu, na mashua ilikuwa imebakiza upana wa kiganja. "Mzee atakwenda chini. Vuta!"

"Vidole vyako, kaka!"

"Dada, vuta! Nimesema vuta! Safari hii sishuki!"

Dada Shaba alifumba macho, akauegemea mpini kwa mwili wake wote, akavuta. Mnyororo ukakaza. Kitanda kikapanda, kikaipokea mashua, na uzito wote wa mbao, maji na watu ukashuka juu ya boriti. Sauti iliyosikika haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyekanyaga vijiti vibichi. Ile iliyofuata, kutoka kinywani mwa Mbio, ndiyo iliyowatoa ndege juu ya paa. Naye Dada Shaba hakuacha kuvuta, kwa kuwa kuacha katikati kungekuwa ukatili mkubwa zaidi, mpaka mashua yote ikawa nchi kavu na baba yake akateremka kwa miguu yake mwenyewe.

Ilibidi Tembo ainyanyue tezi ya mashua kwa jeki ili mkono utoke. Kidole gumba kilikuwa kizima. Vingine havikuwa vya kuhesabiwa tena kuwa vidole. Dada Shaba alifungua sanduku la mumewe, akatoa pamba safi ya kukalafati, akaushindilia na kuufunga mkono wa nduguye kwa nguvu, kama mshono unavyofungwa, naye Mbio aliuma mkanda wa Tembo.

Walipokuwa wakingojea gari la kumpeleka hospitali, Tembo alichungulia chini ya mashua. "Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "na tundu hili? Aliyelitoboa ndiye huyu. Nani ataliziba?"

Fundi Mzee alilitazama tundu, ambalo ukingo wake ulikuwa bado unadondosha.

"Limekwisha kuzibwa," alisema. "Na aliyeliziba amepanda. Sasa binti yangu atasubu koo jipya, alitie yeye mwenyewe. Halidaiwi na mtu."

Mbio akainuka pale alipokuwa ameketi. Alichechemea hadi kwenye benchi lake. Kwa mkono wa kushoto, usiozoea, alikusanya keekee yake ya kutobolea, patasi zake na misumeno, akavitia ndani ya ndoo. Akarudi relini, akaiokota spana ndefu iliyokuwa na damu ya dada yake. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa haikuruhusiwa. Akaifuata reli majini mpaka maji yakamfika kiunoni, akaitosa kwanza spana, kisha ndoo. Mapovu yakapanda, yakapasuka, yakaisha.

Nyuma yake, ndani ya karakana, Dada Shaba alilitundika sanduku la Kalafati kwenye msumari wake wa siku zote.